Ua wa Kuku Huanzia Chini

Mimi ni mkulima mdogo wa hapa Micheweni. Nina konde la muhogo, migomba michache, na kuku. Kuku hao ni wa mke wangu. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu. Daftari la mtoto hutoka kwa kuku. Mgeni akija, kitoweo hutoka kwa kuku. Mtoto akiugua usiku, nauli ya gari hutoka kwa kuku. Kwa hiyo mnyama akiingia bandani na kuua kuku 9, hajala kuku tu. Amekula daftari, nauli na dawa.

Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya ua wa kuku. Watu wengi husema, "Ua mzuri ni wa matajiri." Mimi nasema sivyo. Ua mzuri ni wa mtu anayejua pa kuanzia. Nami sikujua. Nitaeleza kwanza kosa langu, ili wewe usilirudie.

Kosa langu

Msimu mmoja nilikwenda kuchuma karafuu. Nikapata fedha kidogo. Nikanunua seng'enge, nikachimbia nguzo, nikazungushia ua mrefu kama mtu. Majirani walikuja kutazama. Nilijisikia mkubwa.

Usiku wa tatu kuku 9 walipotea. Wanne tuliwakuta wamekufa. Watano hatukuwaona kabisa. Nilitazama ua wangu. Seng'enge haikukatika. Nguzo hazikuanguka. Nikasema moyoni, "Huyu ni mtu, si mnyama." Nikamtaja kijana wa jirani yangu. Nikaenda kwa sheha kushitaki.

Sheha alikuja na mzee mmoja. Mzee yule hakutazama juu. Aliinama. Alizunguka ua taratibu, huku akitazama chini. Upande wa migomba alisimama akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Chini ya seng'enge palikuwa na shimo. Upana wake ulikuwa kama kifuu cha nazi. Udongo ulikuwa umeparuliwa. Manyoya yalikuwa yamenasa kwenye waya, na mengine yalitawanyika kuelekea kichakani.

Niliona haya. Nilikwenda kwa jirani yangu kuomba radhi. Alinisamehe, lakini mtoto wake hakupita uani kwetu kwa muda mrefu. Kuku 9 nilikuja kuwapata tena. Imani ya mtoto yule ilichukua muda zaidi.

Tangu siku ile nina neno moja ambalo nawaambia wote: ua wa kuku huanzia chini. Na kabla hujamtuhumu mtu, inama utazame ardhi.

Mjue adui wako

Pemba haina simba, haina fisi, haina chui. Kisiwa chetu kimetengwa na bara kwa bahari yenye kina kirefu. Kwa hiyo adui wa mifugo yetu ni wadogo, lakini ni wajanja.

Usiku huja ngawa. Huyu ana madoa na mkia wenye pete. Hunusa vizuri, na hula karibu kila kitu: panya, wadudu, matunda na kuku. Yupo pia chonjwe, mnyama wa rangi ya kahawia iliyoiva, apendaye sehemu za majimaji. Hula kaa na vyura, lakini kuku akipatikana hamwachi. Wapo mbwa wasio na mwenyewe. Yupo nyoka apendaye mayai na vifaranga. Yupo panya.

Mchana huja mwewe. Huyu haingii kwa mlango. Hushuka kutoka juu, hunyakua kifaranga, na kumaliza kazi kabla hujasimama.

Kila adui ana njia yake na huacha alama yake. Kifaranga akitoweka mchana bila alama chini, mdhanie mwewe. Ukiona ardhi imeparuliwa, adui wako ni mchimbaji. Mayai yakipotea bila maganda, mtafute nyoka. Ukijua njia anayopita, utajua mahali pa kuziba. Usipojua, utaziba juu naye ataingia chini, kama ilivyonipata mimi.

Ngawa na wenziwe si wajinga, lakini wana desturi yao. Mnyama mchimbaji akifika kwenye ua hutembea ubavuni mwake. Pua yake iko chini. Hutafuta uwazi. Asipouona, huanza kuchimba palepale ua unapogusa ardhi.

Jiwe letu ni mali

Watu wa bara wakifundisha ujenzi wa ua husema, "Chimba mtaro, kisha ufukie seng'enge chini." Maneno hayo ni mazuri mahali penye udongo mwingi. Hapa Micheweni wengi wetu tunakaa juu ya jiwe. Ukipiga jembe mara mbili, la tatu linatoa cheche. Nani ataweza kuchimba mtaro kuzunguka ua mzima?

Basi tusichimbe. Tulaze mawe.

Fanya hivi. Chukua mawe bapa ya hapa hapa. Yalaze nje ya ua, yagusane na mguu wa ua. Upana uwe dhiraa 1, yaani kutoka kiwiko chako hadi ncha ya kidole cha kati. Mawe yabanane. Ziba nafasi ndogo kwa kokoto na udongo. Zunguka ua wote, pamoja na mlangoni.

Ngawa akija atataka kuchimba penye mguu wa ua. Atakuta jiwe. Atasogea kidogo ubavuni, atakuta jiwe jingine. Hatafikiri kurudi nyuma dhiraa nzima ili aanze kuchimba mbali. Hii ndiyo siri ya mawe haya. Hayamzuii kwa nguvu. Yanamchosha mahali anapopataka.

Kina mama wengi wa Micheweni wanavunja kokoto kwa kuuza. Wanajua jiwe kuliko fundi yeyote. Sisi tunaliona jiwe kama umaskini wetu, kwa sababu halioti mpunga. Lakini kwa ua wa kuku jiwe ni mali. Halioзi, haliliwi na mchwa, wala halinunuliwi dukani.

Fedha kidogo iende wapi?

Mimi nilitumia fedha zangu zote kwa ua wa nje. Hilo lilikuwa kosa la pili. Leo ningeanza na banda la usiku. Wengi wa adui hawa huja usiku. Kuku aliyelala ndani ya banda imara yuko salama hata kama ua wa nje una kasoro.

Banda la usiku si lazima liwe kubwa. Liinue juu ya nguzo, lifike usawa wa goti au zaidi. Kuta ziwe za fito na udongo. Paa liwe la makuti au bati. Kama una fedha ya kununua kipande kimoja tu cha waya imara, usikitumie kuzunguka shamba. Kiweke kwenye dirisha la banda, hewa ipite. Matundu yake yawe madogo, yasipitishe kidole gumba, ili nyoka na panya wazuiwe.

Kisha tazama mlango. Ukuta hauna faida kama mlango haufungi. Kizingiti kiwe cha jiwe. Chini ya mlango pasibaki uwazi. Komeo liwe la kukaza, si kamba inayolegea. Kila siku mtu mmoja apewe kazi ya kufunga kabla ya magharibi na kuhesabu kuku. Kazi ya watu wote ni kazi isiyo na mtu.

Jambo jingine ni matundu ya seng'enge. Seng'enge nyembamba inayouzwa kwa ajili ya kuku humzuia kuku asitoke. Si kila mara humzuia adui asiingie. Mbwa anaweza kuirarua. Kwa hiyo sehemu ya chini ya ua, hadi usawa wa goti, iwe na nguvu zaidi. Tumia fito zilizobanana, mawe yaliyopangwa, au mabati makuukuu. Mahali popote panapopita ngumi ya mtoto paziba.

Juu tutumie nyavu

Kwa mwewe, bahari yetu inatusaidia. Tumbe, Shumba, Msuka na vijiji vingine vya pwani vina wavuvi wengi. Nyavu kuukuu hutupwa au hulala pembeni ya nyumba. Wavu usiofaa tena kwa samaki unafaa kwa mwewe.

Tandaza wavu juu ya sehemu ndogo ya ua, ile wanayokaa vifaranga. Uvute ukaze. Ufunge kwa kamba kuukuu za mwani au taitai zilizochakaa. Wavu uliolegea ni hatari, kwa maana kuku hunasa miguu. Usitandaze wavu chini. Nyuzi nyembamba zisizoonekana usizitumie kabisa. Kila asubuhi tazama kama kuna ndege au kiumbe kilichonasa. Jua hula nyuzi, basi badilisha wavu unapoanza kukatika, na masalio yake usiyarudishe baharini.

Kuku wakubwa usiwafungie kutwa nzima. Watu wengine hujenga ua, hufungia kuku wote, kisha hulalamika kuwa chakula ni ghali. Kuku wa kienyeji hujitafutia wadudu na majani. Wafungulie asubuhi watoke, jioni warudi. Ua wa mchana ni kwa vifaranga na mama yao.

Hesabu ya ua

Umbo la ua lina gharama. Tufanye hesabu.

Asha anajenga ua wa hatua 12 kwa hatua 3. Eneo lake ni 12 mara 3, yaani 36. Mzunguko wake ni 12 na 3 na 12 na 3, jumla hatua 30.

Juma anajenga ua wa hatua 6 kwa hatua 6. Eneo lake ni 6 mara 6, yaani 36. Mzunguko wake ni hatua 24.

Kuku wa Asha na kuku wa Juma wana nafasi sawa. Lakini Juma ameokoa hatua 6 za ua. Ameokoa nguzo, waya na mawe. Kwa hiyo, kama ardhi inakuruhusu, jenga ua wa mraba. Uliza bei ya waya dukani, zidisha mara 6, utajua Juma ameokoa kiasi gani.

Tuhesabu na mawe. Nyumba ina watu 5. Kila mtu akirudi nyumbani na mawe 2 kila siku, ni mawe 10. Kwa siku 30 ni mawe 300. Kama kila jiwe lina upana wa shibiri moja hivi, mawe hayo yatakaribia kuuzunguka ua wa Juma. Ni mwezi mmoja tu, na hakuna shilingi iliyotoka.

Nguzo zinazoota

Nguzo kavu huliwa na mchwa. Kila baada ya muda unakata nyingine. Wengine huenda kukata mikoko. Mimi napinga jambo hilo. Mikoko inatukinga na bahari. Maji ya chumvi yamekwisha kuingia katika mashamba ya mpunga kwenye sehemu mbalimbali za Pemba. Mtu akikata mikoko ili alinde kuku, anafungua ua mkubwa ili afunge mdogo.

Afadhali tupande nguzo zinazoota. Mti wa glirisidia, ambao wakulima wa viungo huutumia kupandishia pilipili manga, huota kwa kipando. Kata tawi nene kama mkono, lichomeke ardhini mvua za masika zikianza, nalo litatoa mizizi. Ukishaota haudhuriwi upesi na mchwa. Majani yake hulisha mbuzi. Mnyaa nao huota na kuwa ua mzito, lakini maziwa yake ni hatari kwa macho. Waonye watoto.

Wenzetu wa bara wametumia maarifa kama haya kwa adui mkubwa zaidi. Huko Simanjiro, mkoani Manyara, wafugaji wa Kimaasai hulinda ng'ombe na mbuzi wao dhidi ya simba na fisi. Pamoja na shirika la African People & Wildlife, wamejenga maboma kwa miti hai. Hupanda miti iwe nguzo, kisha hufunga wavu wa chuma kwenye miti hiyo. Miti inazidi kukua, na boma linazidi kuwa imara. Mifugo inapona usiku, na simba nao hawauawi kwa kisasi.

Nchini Kenya, kijana Richard Turere aliishi karibu na mbuga ya Nairobi. Simba walikuwa wakila ng'ombe wa baba yake. Alipokuwa na miaka 11 aligundua kuwa simba huogopa taa inayotembea. Akaunganisha taa ndogo zinazowaka na kuzimika kwa zamu, na simba wakadhani mtu anazunguka boma. Mwaka 2013 alikwenda Marekani kueleza jambo hilo mbele ya watu wengi.

Sisemi tununue taa za simba hapa Micheweni. Hatuna simba. Nasema tuige akili yao. Kijana yule alimchunguza adui yake kwanza, kisha akatumia vitu alivyokuwa navyo. Wao walikuwa na miti na taa. Sisi tuna mawe na nyavu.

Wanaosema vingine

Wapo wanaosema, "Ya nini tabu hii? Tia sumu, ngawa wafe." Mimi sikubali. Sumu haichagui. Atakula paka wako, atakula kuku wa jirani, na mtoto anaweza kuishika. Tena ngawa hula panya wengi. Ukimmaliza ngawa, panya watakushukuru. Ua humwacha ngawa aende zake, na kuku wabaki kwako.

Wapo wanaosema, "Tungoje mradi utuletee seng'enge." Mradi ukija tuupokee kwa mikono miwili. Lakini ngawa hangoji mradi. Anakuja usiku wa leo. Tena mradi ukileta seng'enge na sisi hatujui kuziba chini, itatupata kama mimi na fedha zangu za karafuu.

Wapo pia wanaosema, "Mimi kuku wangu wanakufa kwa kideri, si kwa ngawa." Hao wana hoja. Kideri huweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na ua hauzuii ugonjwa. Chanjo yake ipo. Ile ya matone hutiwa jichoni, tone 1 kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Ongeeni na bwana mifugo, mchanje kuku wa kijiji kwa siku moja. Chanjo na ua ni kama miguu miwili. Ukikosa mmoja hutembei.

Tumia kalamu yako

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Usiiache elimu hiyo darasani. Weka daftari la kuku. Kila jioni andika tarehe na hesabu. Akipungua kuku, andika alikopotea, saa unayodhani, na alama ulizoziona. Kwa mfano:

Jumatatu: kuku 14, vifaranga 8.
Jumanne: kuku 14, vifaranga 7. Kimepotea mchana. Hakuna alama chini.
Jumatano: kuku 14, vifaranga 6. Kimepotea mchana.

Daftari hili linasema wazi: tengeneza wavu wa juu. Bila daftari, mtu angesema, "Watoto wa jirani hawa." Kwa daftari, tunajua ni mwewe. Kalamu imezuia ugomvi.

Kama ningekuwa na daftari hilo wakati ule, na kama ningeinama kabla ya kwenda kwa sheha, nisingemwaibisha mtoto wa watu. Leo kijana yule ni mkubwa. Ndiye aliyenisaidia kubeba mawe ya upande wa migomba. Tulipomaliza alitazama mawe, akanitazama, akacheka. Nami nikacheka, ingawa mimi nilicheka kwa haya.

Basi tuanze. Leo ukirudi kutoka konde, chukua mawe 2. Yalaze mguuni mwa ua wako. Kesho chukua mengine 2.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwandishi alidhani kuku wameibwa na mtu? Alikosea wapi?
2. Katika kijiji chenu, ni adui gani anaua kuku zaidi? Anapita njia gani?
3. Kwa nini tunalaza mawe nje ya ua, si ndani?
4. Ua una hatua 8 kwa hatua 2. Mwingine una hatua 4 kwa hatua 4. Eneo la kila mmoja ni kiasi gani? Mzunguko je? Upi una gharama ndogo?
5. Je, unakubali kwamba tusitumie sumu? Toa sababu zako.
6. Andika daftari la kuku wako kwa siku 7. Lilete darasani.